Jimny, Land Cruiser 70, Defender au Grenadier: wenye magari mapya wanasema nini, na wewe uchague vipi

Kati ya Suzuki Jimny, Toyota Land Cruiser 70, Land Rover Defender na Ineos Grenadier, uchukue lipi? Swali hili linawakosesha usingizi watu wenye shamba mbali na lami, wenye kampuni ndogo za utalii, wasimamizi wa miradi ya vijijini na familia zinazopenda kulala porini, ambao sasa wanaweza kununua gari jipya badala ya lililokwisha kutumika Japani. Yote manne ni magari ya rafu kwelikweli. Yote yana gia ndogo (seti ya pili ya gia, ya mwendo wa polepole wenye nguvu), yote yameinuka kutoka ardhini, na kila moja lina watu wanaoapa kwamba hawatapanda jingine.

Shida ni kwamba wengi wanaoyasifu au kuyalaumu wamekaa nayo wiki chache tu. Mimi sidharau maoni hayo. Mtu aliyechukua gari juzi bado anahisi kila kitu, lakini baada ya miezi sita mwili umeshazoea na hatakumbuka kukuambia kwamba usukani haurudi wenyewe. Ila maoni ya mwanzo yana kasoro mbili: karibu yote yanahusu lami, na karibu yote yanalipima gari jipya kwa lile alilotoka nalo msemaji. Aliyeshuka kwenye Prado atakuambia Grenadier inachosha mikono. Aliyeshuka kwenye Land Rover 110 ya zamani atakuambia Grenadier hiyohiyo ni laini ajabu. Wote wawili wanasema kweli. Kwa hiyo kila usikiapo sifa au lawama, uliza kwanza: huyu ametoka kwenye gari gani, na kilomita zake nyingi anazimaliza wapi?

Vigezo nilivyotumia

Nitayapanga magari haya kwa mambo matano: usukani na mwendo wa lami, namna yanavyojibu ukitoka kwenye lami, maisha ya ndani ya gari siku nzima, mafuta na umbali, kisha fundi na spea. La mwisho ndilo linaloamua zaidi kuliko yote, nalo ndilo aliyechukua gari wiki iliyopita hawezi kukueleza.

Bei sikuifanya kigezo cha peke yake, maana kodi za kila nchi huigeuza. Inatosha kujua kwamba Jimny iko chini kabisa, Land Cruiser iko katikati, na Defender na Grenadier ziko juu.

Magari yenyewe kwa ufupi

Jimny tunayoizungumzia ni kizazi cha nne, kilichotoka Japani mwaka 2018 kikiwa na milango mitatu. Ya milango mitano ilionyeshwa India Januari 2023. Injini ni ya petroli, lita 1.5, nguvu farasi 102.

Land Cruiser 70 ilizaliwa mwaka 1984, na mwaka 2023 Toyota iliipa sura mpya, injini ya dizeli ya lita 2.8 yenye turbo (nguvu farasi 204, nguvu ya kuvuta Nm 500) na gia za otomatiki sita. Sambamba na hiyo, katika nchi nyingi za Afrika bado unaweza kuagiza injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo, yenye Nm 285 na gia za mkono. Kwa mwendo na kwa matengenezo hayo ni kama magari mawili tofauti, kwa hiyo muuzaji akikutajia "mkonga" tu, jina la mtaani la gari hili, muulize ana injini gani.

Defender ni ile iliyozinduliwa mwaka 2019 na inaundwa Nitra, Slovakia. Si ile ya zamani iliyokoma kuundwa Solihull Januari 2016. Jina limebaki, lakini chini yake hakuna chasi ya kusimama peke yake. Bodi na chasi ni kitu kimoja cha alumini. Hapa nazungumzia 110, ile ya milango mitano, yenye dizeli ya lita 3.0.

Grenadier ni gari la kampuni changa. Jim Ratcliffe, tajiri wa Uingereza mwenye viwanda vya kemikali, aliona Defender ya zamani imeacha pengo akaamua kuliziba mwenyewe. Linaundwa Hambach, Ufaransa, tangu mwaka 2022, kwa injini za BMW za silinda sita na gia boksi ya ZF ya otomatiki. Dizeli yake ina nguvu farasi 249 na Nm 550.

Usukani na mwendo wa lami

Lawama nyingi za wiki ya kwanza zinazaliwa hapa, kwa hiyo tukae kidogo.

Jimny, Land Cruiser na Grenadier zina ekseli ngumu mbele na nyuma, na usukani wake unapita kwenye steringi boksi yenye gololi. Defender ina steringi reki kama saluni, na kila tairi linapanda na kushuka kivyake. Tofauti hiyo moja inaeleza nusu ya malalamiko utakayoyasikia.

Kwenye steringi boksi ya gololi, katikati pana ulegevu kidogo: unagusa usukani na gari bado linakwenda mbele vilevile. Ukimaliza kona, usukani haukimbilii katikati; unaurudisha kwa mkono. Kwenye Grenadier, kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia ni karibu mizunguko minne. Mtu aliyelichukua juzi, akiwa kati ya Segera na Chalinze, basi linapompita na kumsukuma kwa upepo, atajikuta akirekebisha usukani kila sekunde na kufika amechoka mabega. Wengi husema hali hiyo hutulia mikono ikijifunza kuushika usukani kwa ulaini na kuacha kuupigania. Wengine hawaizoei kabisa, na hao ndio wa kuwasikiliza ikiwa wewe ni mtu wa safari ndefu za lami.

Kiwanda hakikuchagua usukani huo kwa kukosa mwingine. Siku tairi la mbele litakapogonga jiwe kwenye njia ya Baragoi kwenda South Horr, boksi lile litameza mshtuko ambao vinginevyo ungefika kwenye kidole gumba chako.

Land Cruiser ina tabia hiyohiyo ya usukani, ila wanaoilalamikia ni wachache kwa sababu wengi wanaoinunua wametoka kwenye Land Cruiser nyingine. Kinachowagusa wageni ni mgongo: nyuma ina springi za pati zilizowekwa kwa ajili ya mzigo, na gari likiwa tupu linaruka kwenye kila kiraka. Weka mifuko kumi ya saruji nyuma, linatulia na kuwa gari jingine. Kwa upande wa nguvu, 2.8 ya otomatiki inapita malori bila kukushtua. 1HZ haikimbii. Inapanda Kitonga kwa gia ya tatu huku ikinguruma, inafika juu, na joto lake halijabadilika. Lakini ukitaka kulipita lori, panga mapema sana.

Jimny kwenye lami ni gari la subira. Ni nyepesi, ni ndefu kwenda juu, na upepo wa pembeni unaisogeza. Otomatiki yake ina gia nne tu, hivyo ukifika kilomita 100 kwa saa injini inalia mfululizo. Ya gia za mkono ina tano na inachangamka zaidi, na kama mguu wako wa kushoto hauna tatizo na klachi, ningekushauri hiyo. Mjini mambo yanageuka kabisa: Jimny ya milango mitatu inageuka ndani ya mita 9.8. Defender inahitaji karibu 12.8, Grenadier 13.5, na pikapu ya Land Cruiser 79 zaidi ya mita 14. Mwenye Grenadier mpya akiingia Kariakoo siku ya kwanza atajua maana ya tarakimu hizo, na kwenye vichochoro vya juu Lushoto, njia ya kwenda Mtae, atarudi nyuma kidogo pale Jimny inapopita bila kusimama.

Defender kwenye lami haina mpinzani hapa. Iko kimya, inanyooka, inashika breki vizuri, na yenye springi za upepo inameza mashimo ambayo kwenye Land Cruiser yangekugongesha meno. Dar es Salaam hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 600, na watu wanaoshuka kwenye Defender baada ya safari hiyo bado wana nguvu ya kwenda kula. Nimezungumza na madereva waliokuwa wakiidharau kwa sababu ya sura yake laini. Usukani wake uliwanyamazisha.

Ukitoka kwenye lami

Barabara ya kutoka Naabi kwenda Seronera, ndani ya Serengeti, msimu wa kiangazi hujikunja kama bati la paa. Pale hujaribu nguvu za injini. Unajaribu shokapu, skrubu na meno yako. Defender inateleza juu yake bila shida. Grenadier inapita vizuri kuliko sura yake inavyoahidi, kwa sababu springi zake za koili na uzito wa zaidi ya tani mbili na nusu vinaituliza. Land Cruiser iliyobeba watu na mizigo inapita kwa heshima. Jimny ya milango mitatu, kwa ufupi wake, inatikisika mbele na nyuma mpaka upunguze upepo wa matairi na mwendo. Ya milango mitano, iliyoongezwa milimita 340 kati ya ekseli na ekseli, inapumua zaidi.

Likija suala la tope, orodha inapinduka. Jimny ina uzito wa takriban tani 1.1. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, kule Ndutu mvua zikianza, gari la tani mbili na nusu linavunja ganda la juu na kuzama hadi kwenye ekseli, ilhali Jimny inapita ikiacha alama nyepesi. Hata ikikwama, watu wanne wanaisukuma. Haina difu za kufunga, zile zinazolazimisha matairi yazunguke pamoja, kutoka kiwandani. Inatumia breki kulizuia tairi linalozunguka bure, na ukiweka gia ndogo na kuwa mpole na mafuta, inatosha kwa mengi. Kikomo chake ni maji. Imeinuka milimita 210 tu, na kina anachokitaja Suzuki ni milimita 300. Mto wenye maji ya kupita goti si wa Jimny ya kiwandani.

Land Cruiser haina maajabu, na hilo ndilo linalopendwa. Unafunga difu, unaweka gia ndogo, unakwenda. Inavuka maji ya milimita 700, na mkonga wake, lile bomba la kuvutia hewa juu ya maji, umeshakuwa sehemu ya sura yake mpaka watu wakaupa gari zima jina hilo.

Grenadier ndiyo iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu anayefurahia kazi hii. Imeinuka milimita 264, inavuka maji ya milimita 800, na kwa anayelipia inakuja na difu tatu za kufunga: ya kati, ya nyuma na ya mbele. Swichi za difu ya nyuma na ya mbele ziko juu ya kichwa, kwenye dari, kubwa kiasi kwamba unazibonyeza hata ukiwa na glavu. Wageni wa wiki ya kwanza hulalamika kwamba difu "hazishiki". Zinashika, ila zina utaratibu: ya kati kwanza, gia ndogo, kisha ya nyuma, halafu ya mbele, na mara nyingi gari linatakiwa litembee hatua chache ndipo meno yakutane. Anayesubiri hadi akwame ndipo aanze kubonyeza, atabonyeza kwa hasira. Zifunge kabla hujaingia kwenye tope.

Defender inakufanyia mambo hayo yenyewe. Unachagua mchanga, tope au mawe, nayo inapanga injini, breki na difu. Yenye springi za upepo inajiinua hadi milimita 291 na kuvuka maji ya milimita 900, zaidi ya zote hapa. Ambaye hajawahi kuendesha rafu atafika mbali zaidi na Defender siku ya kwanza kuliko na gari lolote kati ya haya. Tahadhari yangu ni matairi. Rimu kubwa za inchi 20 au zaidi, zenye tairi jembamba la pembeni, zinapendeza Masaki au Karen, lakini kwenye mawe makali ya njia ya Ziwa Natron zinakatika ubavuni. Agiza rimu ndogo kadiri injini uliyochagua inavyoruhusu.

Ndani ya gari siku nzima

Jimny inabeba watu wanne, na ikibeba wanne haibebi kingine. Nyuma ya viti vyake, ya milango mitatu ina nafasi ya lita 85, yaani begi moja na chupa za maji; ya milango mitano ina lita 208. Kama una watoto wawili na hema, milango mitatu haikufai, hata uipende vipi. Na jambo la usalama lisipitwe: Euro NCAP, wapimaji wa usalama wa magari wa Ulaya, iliipa Jimny nyota 3 mwaka 2018, ilhali Defender ilipata 5 mwaka 2020.

Land Cruiser 76 inakalisha watu watano, 78 inabeba kikundi kizima kwenye mabenchi, na 79 ni pikapu. Ndani ni mahali pa kazi: plastiki ngumu inayofutika vumbi kwa kitambaa chenye maji, kelele ya injini, vioo vikubwa. Toleo jipya limepata skrini na vifaa vya usalama vya kisasa, lakini usitegemee kiti cha kukubembeleza kwa saa nane.

Grenadier ina viti vizuri sana, na sakafu unayoweza kuimwagia maji. Mambo mawili huwashangaza wenye nayo mwanzoni. Kwanza, mwendokasi hausomi mbele ya usukani bali kwenye skrini ya katikati, na macho yanachukua siku kadhaa kujifunza kutazama pembeni. Pili, kwenye magari ya usukani wa kulia, yaani yanayouzwa kwetu Tanzania, Kenya na Uganda, sakafu ina nundu upande wa mguu wa kushoto. Mtu mrefu akae nalo nusu saa nzima kabla ya kuamua; dakika tano za duka la magari hazitoshi. Wasomaji wa Rwanda, Burundi, Kongo na Ghuba, mnaoendesha kwa usukani wa kushoto, hilo haliwahusu.

Defender ina nafasi, viti laini, baridi ya kutosha na skrini za kutosha, na inaweza kuwekwa viti saba. Kwa safari ya familia hakuna la kuongeza.

Mafuta na umbali

Tangi la Jimny ni lita 40. Ukipata kilomita 12 kwa lita, ni kama kilomita 480 hadi likauke, na ukiwa kwenye mchanga wa Chalbi hutapata 12. Beba dumu. Matoleo mengi ya Land Cruiser 76 na 79 yana tangi la lita 130. Hata gari likila lita moja kwa kilomita 8, una zaidi ya kilomita 1,000 bila kuomba mafuta kwa mtu. Grenadier ina lita 90 na Defender inakaribia hizo.

Ubora wa dizeli ni muhimu kuliko ukubwa wa tangi. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana tangu Januari 2015 kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi 50 kwa milioni. Dizeli ya Ulaya, ambayo injini za Euro 6 (kiwango cha Ulaya cha usafi wa moshi) ziliundwa kwa ajili yake, haizidi 10. Na dizeli ya kwenye pipa, kijijini, ina maji na vumbi bila kujali kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi. 1HZ, yenye pampu ya kizamani, inavumilia mengi ya hayo. Injini za kisasa za Defender, Grenadier na hata 2.8 ya Toyota zina nozeli za mgandamizo mkubwa ambazo hazivumilii. Muulize wakala, kwa maandishi, gari unalopewa limekuja na mfumo gani wa moshi: lina kichujio cha masizi? Linahitaji AdBlue, yale maji ya kusafishia moshi? Kama jibu ni ndiyo na wewe kila siku unapeleka watoto shule kilomita nne na kurudi, taa ya kichujio itawaka mapema, kwa sababu masizi yanahitaji safari ndefu yenye joto ili yaungue.

Jimny, kwa kuwa ni ya petroli, haina habari na hayo yote.

Fundi na spea

Hapa Land Cruiser iko peke yake. Kuanzia Sumbawanga hadi Marsabit hadi Bukavu, mashirika ya misaada, hospitali za misheni na serikali zimeitumia miaka mingi kiasi kwamba kila mji wenye gereji una mtu aliyefungua 1HZ kwa mikono yake. 79 hata huunganishwa Mombasa. Arusha kuna warsha zinazoikata, kuirefusha na kuiwekea paa la kufunguka kwa watalii, na hilo linawezekana kwa sababu ina chasi ya kusimama yenyewe. Ukitaka kuuza baada ya miaka mitano, mnunuzi atakufuata nyumbani. Ile 2.8 mpya bado inahitaji fundi mwenye kompyuta, ingawa ukoo wake wa injini uko pia kwenye Hilux na Prado, kwa hiyo spea zinaenea.

Jimny ni rahisi kimaumbile: injini ndogo isiyo na turbo, chasi, ekseli ngumu. Fundi mwenye akili timamu hapotei ndani yake. Spea za kawaida zinapatikana mijini. Za bodi huenda ukaagiza na kusubiri.

Defender inataka kompyuta yake na mtu aliyefundishwa, na watu hao wako kwenye miji mikubwa. Ikiwasha taa ya springi za upepo ukiwa Loiyangalani, hakuna wa kuisoma. Kwa mtu anayeishi Nairobi na kutoka wikiendi, si kikwazo. Kwa mradi ulioko kilomita 400 kutoka kwa wakala, ningesema fikiria tena, hata kama bosi ameshaipenda.

Grenadier iko kati ya dunia mbili. Chasi, ekseli za Carraro na springi zake fundi wa Land Rover ya zamani atazielewa. Injini za BMW na gia boksi ya ZF zinajulikana na gereji za BMW, lakini umeme wake unahitaji programu ya Ineos. Na ukampuni changa una hatari zake: Septemba 2024 kiwanda cha Hambach kilisimama hadi mwanzoni mwa 2025 kwa sababu msambazaji wa viti alifilisika. Hilo halisemi gari ni baya. Linasema uulize wapi ghala la spea lililo karibu nawe, na usikubali jibu la "tutakuletea".

Uamuzi kwa hali yako

Unakaa mjini, uko peke yako au wawili, wikiendi unapanda Usambara au unakwenda pwani kwenye mchanga: Jimny ya milango mitatu. Ndugu wa Oman vilevile. Njia ya kupanda Jebel Akhdar polisi hawapitishi gari lisilosukuma matairi yote manne, na Jimny inaruhusiwa kwa gharama ndogo kuliko jingine lolote hapa. Mkiwa na mtoto, milango mitano.

Gari ni la kazi, linabeba mzigo, linaendeshwa na madereva tofauti na linalala mbali na mji: Land Cruiser. Penye dizeli ya mashaka na bila wakala, 1HZ. Kama madereva wako wanapita lami nusu ya muda na unanunua mafuta kwenye vituo vinavyoaminika, 2.8 ya otomatiki itawapunguzia uchovu.

Familia, safari ndefu za lami zinazoishia mbugani, wakala yuko mji wako, na bajeti inaruhusu matengenezo ya gharama: Defender. Ichukue pia ikiwa watakaoendesha hawana uzoefu wa rafu.

Unapenda kuendesha rafu yenyewe, unavuta tela, unataka difu tatu na chasi imara pamoja na injini yenye nguvu, na usukani mzito kwako si adhabu: Grenadier, ilimradi umemwona kwa macho fundi atakayeihudumia.

Kampuni ya utalii inayotaka magari ya kukatwa na kurefushwa isiitazame Defender kabisa. Anayetaka gari la kwenda kazini kila siku kwenye foleni asiitazame 79.

Ukienda kujaribu, usikubali kuzungushwa mtaa mmoja wa lami. Omba dakika 20 za barabara kuu kwa kilomita 80 hadi 100 kwa saa, mikono ikiwa laini kwenye usukani. Omba kipande cha changarawe. Geuza gari kwenye barabara nyembamba. Weka gia ndogo na ufunge difu mwenyewe, si muuzaji. Kaa kiti cha nyuma. Kisha, kabla hujatia saini, pigia simu gereji mbili zilizo karibu na mahali gari litakapolala, uwaulize kama wana filta ya mafuta ya gari hilo stoo leo, nani anaisoma kompyuta yake, na kioo cha mbele kikivunjika kinachukua wiki ngapi kufika.